AC ya IST inakata kwenye foleni tangu ibadilishwe kompresa, fundi wa tatu huyu na kila mmoja ana lake

Mtu wa Tabata #1

Wakuu habari za jumapili. Naombeni mawazo yenu maana hela inaisha na joto liko palepale.

Nina Toyota IST ya 2004, cc 1300. Mwezi wa kumi na moja baridi ilianza kupungua kidogo kidogo, nikajua ni gesi tu. Nikaenda kwa fundi akajaza kwa 70,000, ikapiga vizuri kama wiki mbili ikarudi kulekule. Nikamfuata, akasema kompresa, ile pampu ya kusukuma gesi, inavujisha kwenye shafti, dawa ni kubadilisha. Nikatafuta used Ilala, nikaipata 280,000, ukiweka ufundi na gesi jumla laki nne na ishirini. Siku ya kwanza baridi mpaka mtoto akaomba sweta.

Sasa wiki ya pili likaja tatizo ambalo mwanzo halikuwepo kabisa. Asubuhi natoka Tabata iko poa, nikifika Buguruni foleni imesimama, dakika 30 au 40 hivi baridi inakata, inaanza kutoa hewa ya joto kama gari halina AC. Nikizima dakika kumi nikawasha inarudi, inapiga kidogo inakata tena. Fundi wa pili akasema gesi ndogo, akaongeza, ikawa mbaya kuliko mwanzo. Wa tatu anasema niliuziwa kompresa mbovu ninunue nyingine.

Swali langu ni hili, kwa nini kabla sijaitengeneza ilikuwa haikati? Ilikuwa dhaifu lakini inatoa kaubaridi safari nzima. Tatizo hili limetoka wapi? Natanguliza shukrani.

---

Kisiki cha Mpingo #2

Pole mkuu. Inakata kwenye foleni? Feni hiyo. Gari likitembea upepo unapita wenyewe kwenye kondensa (ile kama rejeta iliyoko mbele, inayopoza gesi), likisimama linategemea feni. Angalia feni ya mbele kama inazunguka ukiwasha AC. Usinunue kompresa kwanza.

---

Nyuki wa Tabora #3

Kompresa used ni bahati nasibu. Hujui imetoka kwenye gari iliyogongwa au imetoka kwenye gari ambayo AC ilikufa. Mi nilinunua tatu ndo ya tatu ikakubali.

---

Fundi Barafu #4

Salaam. Nafanya AC za magari mwaka wa kumi na moja huu. Mkuu Mtu wa Tabata, hapo mafundi wote watatu wamekwambia cha kununua, hakuna hata mmoja aliyekwambia alichopima. Kabla hujatoa shilingi nyingine fanya kitu kimoja ambacho ni bure. Siku baridi ikikata, paki pembeni, injini inaunguruma, AC imewashwa, fungua boneti uangalie kompresa. Usiangalie puli, puli inazunguka muda wote kwa sababu ya mkanda. Angalia ile sahani ya mbele kabisa, sahani ya klachi, inayoshika puli ili kompresa izunguke. Inazunguka au imesimama?

Ikiwa imesimama, kompresa haijaambiwa ifanye kazi au imeambiwa ikashindwa kushika. Unapima umeme kwenye waya wa koili, yaani sumaku ya umeme inayovuta sahani. Kama umeme upo na sahani imesimama, basi ni klachi. Nafasi kati ya sahani na puli inatakiwa iwe ndogo sana, isizidi kama nusu milimita. Kompresa used klachi yake imeshalika, nafasi imekuwa pana, koili ikiwa ya baridi sumaku inavuta, ikipata moto wa injini sumaku inapungua nguvu inaachia. Ikipoa dakika kumi inashika tena. Soma tena maelezo yako uone yanavyofanana na hiki ninachokisema. Dawa yake mara nyingi ni kutoa washa moja (kile kipete cha chuma) nyembamba iliyoko nyuma ya sahani, kazi ya nusu saa.

Kama umeme haupo, tunatafuta swichi ya presha, sensa ya evaporeta (ile ya ndani ya dashibodi inayopoza hewa), relei. Na kama sahani inazunguka na hewa ni ya joto, hiyo ni habari nyingine kabisa, ndo tunaingia kwenye gesi, unyevu na kuziba.

Leta majibu hapa.

---

Mama Wawili #5

Mimi sio fundi ila haya maumivu nayajua. Vitz yangu ilifanya hivihivi mwaka juzi, inapiga nusu saa inakata, ukiipumzisha inarudi. Nilizunguka miezi minne. Mwisho nikampata kijana mmoja akaniuliza, yule aliyekubadilishia kompresa alipiga vakyumu, yaani kunyonya hewa yote ya ndani kwa pampu, kwa muda gani? Nikamwambia sikuona vakyumu yoyote, alifungua akafunga akajaza. Akacheka akasema basi mna maji ndani.

Alinielezea hivi na nilimuelewa: mfumo ukifunguliwa unyevu wa hewani unaingia, na hewa ya Dar yenyewe inakaribia kuwa maji. Ule unyevu ukifika kwenye eksipensheni valvu, pale penye tundu dogo ambapo gesi inageuka baridi, unaganda. Tundu linaziba, gesi haipiti, unapata joto. Ukizima barafu inayeyuka, njia inafunguka, ukiwasha inapiga mpaka igande tena. Akabadilisha drayeri, ile inayofyonza unyevu, akapiga vakyumu karibu saa nzima, mpaka leo sijagusa.

Kwa hiyo Mtu wa Tabata muulize fundi wako wa kwanza alipiga vakyumu kwa kutumia nini. Kuna wanaotumia kompresa ya friji la zamani wanaiita pampu.

---

Chaku wa Mbagala #6

Hizo ndo faida za kuwa na hela. Mi vioo vinne chini, kiwiko nje, nafika Posta nimepigwa upepo wa bure 😂

---

Mtu wa Tabata #7

Asanteni wakuu.

Kisiki, feni nimeangalia, inazunguka ukiwasha AC. Halafu kuna jambo sikulisema, jumamosi nilienda Kibaha, njia nyeupe nakwenda 80, ikakata pia ila ilichukua kama saa nzima. Kwa hiyo sidhani kama ni feni.

Mama Wawili, nilikuwepo wakati fundi wa kwanza anafunga. Alipiga vakyumu lakini ni kama dakika kumi tu, na ndiyo, kilikuwa kidude cheusi cha mviringo kama cha friji. Drayeri hakubadilisha, sikuambiwa hata kama ipo.

Fundi Barafu hiyo ya sahani nitaifanya kesho nikitoka kazini.

---

Kisiki cha Mpingo #8

"Inazunguka" siyo "inavuta". Mota ya feni ikiwa imechoka unaiona inazunguka kabisa lakini upepo haufiki. Chukua karatasi ya A4 weka mbele ya grili gari likiwa limesimama na AC imewashwa, ikishikwa na kunata pale sawa, ikidondoka basi rudi kwenye post yangu ya #2.

---

Mzani #9

Nimesoma mpaka hapa naona watu mmeipita sentensi moja muhimu sana ya mleta uzi: "Fundi wa pili akaongeza gesi, ikawa mbaya kuliko mwanzo." Gesi ikiwa pungufu ukaongeza, hali inatakiwa iwe nafuu. Ikiwa mbaya zaidi maana yake ilikuwa imeshatosha au imeshazidi. Gesi ikizidi presha upande wa juu inapanda, kwenye foleni kondensa inashindwa kupoza, presha inafika mahali swichi inakata kompresa kuilinda. Kwenye Toyota nyingi ile swichi inakata juu ikifika kama 3.1 MPa, hiyo ni psi 450 hivi (vyote ni vipimo vya presha), na chini ikishuka karibu psi 28.

Tatizo letu gesi inajazwa kwa macho. Gari lina kibandiko chini ya boneti kimeandikwa aina ya gesi na gramu zake. Gari dogo kama IST ni gramu mia kadhaa tu, gramu 100 zikizidi ni nyingi. Sasa fundi asiye na mzani anajuaje? Anashika bomba kwa mkono, likiwa la baridi anasema tayari.

---

Dogo Janja wa Kimara #10

Mzani mimi fundi wangu ana geji, alipima gari limezimwa geji zote mbili zikasoma 90 akasema gesi imejaa kabisa. Kwa hiyo sio wote wanatumia mkono.

---

Mzani #11

Kaka Dogo Janja hapo umepigwa, bila shaka bila yeye mwenyewe kujua. Injini ikiwa imezimwa geji inakusomea joto la hewa tu. Gesi ya 134a, hii ya AC za magari yetu, kwenye nyuzi 30 inasoma karibu psi 97, kwenye nyuzi 25 inasoma kama 82, na itasoma hivyo hivyo mfumo ukiwa na gramu 200 au 500, alimradi kuna gesi ya maji ndani. Ni sawa na mtungi wa jikoni, presha haikwambii umebaki na kilo ngapi, ndo maana tunautikisa. Kipimo cha maana ni injini inazunguka 1500, feni ya ndani mwisho, milango wazi. Hapo chini iwe kama psi 21 mpaka 36, juu 200 mpaka 230 hivi. Kwa joto letu juu inaweza kupanda kidogo.

Ila faida ipo moja ya kupima limezimwa. Ikisoma 120 na joto ni nyuzi 30, jua ndani hakuna 134a peke yake. Kuna hewa au kuna gesi nyingine.

---

Fundi Barafu #12

Mzani namba zako ziko sawa kabisa. Naongezea tu, geji zenyewe nyingi huku mtaani zimeshapigwa chini mara ishirini, zinaanzia kwenye 10 wakati hazijafungwa popote.

---

Bin Pwani #13

Asalaam alaikum jamaa. Niko Mombasa. Mimi yangu Fielder, AC ilikufa, makanika akatoa kompresa ndani imesagika, vyuma vidogo vidogo vimejaa kwenye mabomba kama unga wa pambo. Akaosha na petroli akaweka kompresa nyingine. Wiki tatu ile nyingine nayo ikafa. Nikaenda kwa mzee mmoja akaniambia kompresa ikisagika ule unga unakwenda kukaa kwenye kondensa, na kondensa za siku hizi vijitundu vyake ni vyembamba mno havisafishiki, ni kubadilisha tu. Ukiacha, unga unarudi unaua kompresa mpya ama unaziba valvu. Sasa ndugu yangu wa Tabata, ile kompresa yako ya kwanza ilipotolewa mlimwaga oili mkaitazama rangi? Ikiwa nyeusi yenye kumetameta basi ndio shida yako hiyo.

---

Nyuki wa Tabora #14

Waalaikum salaam. Hiyo ya kuosha na petroli ipo mpaka huku. Na wengine wanaosha kwa kutumia gesi yenyewe, wanapuliza inatoka upande wa pili wanasema mfumo umesafishika.

---

Mtu wa Tabata #15

Bin Pwani hilo la oili sikuliangalia, kompresa ya zamani niliiacha kwa fundi palepale, alisema ataitumia spea.

---

Nyuki wa Tabora #16

Aliisafisha akamuuzia mwingine hiyo. Pengine hata yako ilitoka kwa mtu hivyohivyo.

---

Mwarabu Koko #17

Niko Muscat mwaka wa saba, naendesha gari ya kubeba mizigo. Huku mwezi wa sita nyuzi 45 ni kawaida, AC ikikufa huendi kazini, kwa hiyo nimejifunza kwa lazima. Kitu cha kwanza mafundi wa huku wanafanya hata kabla ya geji ni kuosha kondensa kwa maji. Vumbi na wadudu wanajaa kati ya kondensa na rejeta, ukitazama kwa mbele unaona safi, kumbe katikati mmejaa udongo kama blanketi. Maji ya bomba ya kawaida, siyo ile mashine ya kuoshea magari ya presha kubwa, itakukunja zile fini, vile vibati vyembamba vya kondensa. Kuna siku baridi ilirudi kwa maji tu.

Halafu fanya jaribio hili: siku imekata kwenye foleni, mwagia kondensa maji chupa mbili za lita moja na nusu. Baridi ikirudi papo hapo, shida yako ni ya kupoza kondensa, yaani feni, uchafu au gesi kuzidi. Isiporudi, achana na habari za mbele, tafuta ndani.

---

Fundi Barafu #18

Jaribio zuri hilo, nalitumia hata mimi. Wekeni kumbukumbu. Ila angalia usimwagie moja kwa moja kwenye mota ya feni.

---

Mzee wa Korola #19

Vijana, magari ya zamani yalikuwa na gesi ya freoni ile ya kweli, R12, ilikuwa inapiga baridi inatoa moshi kwenye matundu. Hii 134 ni dhaifu ndo maana mnahangaika. Huyo kijana atafute fundi amwekee R12, IST inakubali.

---

Mzani #20

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote hapo sikubaliani na wewe. R12 ndo ile iliyopigwa marufuku kwa kutoboa tabaka la ozoni, Itifaki ya Montreal ya 1987. Watengenezaji wa magari walihamia 134a kwenye miaka ya tisini mwanzoni mpaka katikati, IST ilitoka 2002 haijawahi kuijua R12. Oili zake haziendani, ile ya zamani ilitumia oili ya madini, 134a inatumia oili ya kutengenezwa inayoitwa PAG. Ukichanganya oili hairudi kwenye kompresa, inasagika kavu. Ulaya wenyewe 134a wameshaiacha kwenye magari mapya tangu 2017, wameingia gesi nyingine, 1234yf.

---

Mzee wa Korola #21

Marahaba. Nimekuelewa, sikujua ya oili. Ila baridi ya R12 naikumbuka.

---

Kuli Msomi #22

Kwenye suala la gesi ngoja niwatishe kidogo kwa nia njema. Nafanya kazi kwenye kontena za baridi bandarini. 2011 kulikuwa na kontena za baridi zilizolipuka zikaua watu watatu, Vietnam na Brazil. Kilichokuja kugundulika ni gesi feki, mtungi umeandikwa 134a ndani kumechanganywa kitu kinaitwa R40. Ile R40 ikikutana na alumini inatengeneza kemikali inayowaka yenyewe ikigusa hewa. Kompresa zina alumini, kondensa ni alumini. Tangu hapo sisi hatuingizi gesi kwenye kontena bila kuipima.

Sasa kule mtaani fundi anajaza kutoka kwenye kopo ambalo hujui limetoka wapi. Na kuna wengine wanaweka gesi ya kupikia makusudi kwa sababu ni rahisi na kusema kweli inapiga baridi sana. Inapiga, lakini evaporeta iko ndani ya dashibodi mbele ya magoti yako. Ikivuja kidogo na vioo vimefungwa, cheche moja tu. Nyinyi mnaobeba watoto ulizeni gesi gani inaingia.

---

Mama Wawili #23

Mungu wangu. Hiyo sikuijua kabisa. Tunajuaje kama tumewekewa ya kupikia?

---

Kuli Msomi #24

Dada kuna kifaa cha kutambua gesi ila wachache wanacho hapa mjini. Njia ya mwananchi ni kuona mtungi kwa macho yako wakati anaunganisha, na bei. Akikujazia kwa bei ya chini sana kuliko wenzake muulize kwa nini.

---

Chaku wa Mbagala #25

Sasa ndo mnajua kwa nini nashusha vioo 😂

Halafu hivi ni kweli AC inakula mafuta nusu? Jirani yangu haiwashi mpaka apande mgeni.

---

Dogo Janja wa Kimara #26

Inakula ila siyo nusu. Kwenye gari la cc ndogo unaisikia hata ikishika, gari linakuwa zito kidogo. Vioo chini barabara kuu nako upepo unalivuta gari. Mjini inakula zaidi.

---

Nyuki wa Tabora #27

Turudi kwenye mada wakuu, mwenye gari anateseka.

---

Mtu wa Tabata #28

Nimerudi na majibu, na nimechanganyikiwa zaidi.

Jumatatu imekata pale Buguruni, nikapaki sheli, nikafungua boneti. Sahani ya klachi IMESIMAMA, puli inazunguka. Nikasema basi Fundi Barafu amemaliza kazi. Jana imekata tena, nikafungua, sahani INAZUNGUKA na ndani hewa ni ya joto! Nikamwagia maji chupa mbili kama alivyosema mkuu wa Muscat, ikapoa kidogo, siyo sana, kama robo ya baridi yake.

Karatasi ya A4 ilishikwa vizuri, Kisiki samahani.

Leo nimempata fundi mwenye geji nzima, gari likiwa limezimwa asubuhi ilisoma 105, joto la asubuhi nadhani ni 28 hivi. Ikifanya kazi chini 50, juu 280.

---

Mzani #29

Nilijua. Chini 50 juu 280, zote zimepanda, gesi imezidi. Na 105 kwenye nyuzi 28 ni kubwa, ilitakiwa iwe 90 na kitu. Kuna hewa ndani iliyobaki kwenye ile vakyumu ya dakika kumi. Toa gesi yote, piga vakyumu, pima kwa mzani.

---

Bin Pwani #30

Zote zimepanda pia yaweza kuwa kondensa imeziba nusu ndugu Mzani, na maji yamesaidia robo tu.

---

Mama Wawili #31

Na ile inayozunguka huku hewa ni ya joto ni barafu kwenye valvu. Mimi nabaki hapohapo.

---

Fundi Barafu #32

Na ile iliyosimama je? Mama Wawili barafu haisimamishi klachi mpaka presha ya chini ishuke sana. Jamani hakuna sheria kwamba gari liwe na ugonjwa mmoja. Kompresa used yenye klachi iliyolika, imefungwa na mtu asiyepiga vakyumu, ikaongezewa gesi na mtu asiye na mzani. Hapo kila fundi ameongeza tatizo lake juu ya la mwenzake. Ndo jibu la swali lako la kwanza mkuu: kabla ya matengenezo ulikuwa na kivujo kimoja tu, sasa hivi una vitu vitatu.

Swali la mwisho, ikikata huku sahani inazunguka, upepo unaotoka kwenye matundu unapungua nguvu au uko vilevile?

---

Mtu wa Tabata #33

Sikuangalia kwa makini. Mke wangu anasema huwa kama unapungua, mimi naona uko vilevile.

---

Fundi Barafu #34

Huyo shemeji ndo shahidi wetu sasa. Ukipungua, barafu iko juu ya evaporeta yenyewe inaziba hewa, sensa ya evaporeta haisomi vizuri, au filta ya AC ile ya nyuma ya droo imejaa uchafu. Ukiwa vilevile na hewa ni ya joto, narudi kwa Mama Wawili, ni ndani ya valvu.

---

Kisiki cha Mpingo #35

Filta! Kuna watu hawajui hata ipo. Mi niliitoa kwenye Rumion, ilikuwa na majani makavu na kimjusi.

---

Dogo Janja wa Kimara #36

Swali nje kidogo. Nina Aqua, ile haibridi ya mafuta na umeme, naona AC yake nayo inaanza kulegea. Naweza kwenda kwa hawahawa wa gesi za mtaani?

---

Fundi Barafu #37

Hapana hapana. Kompresa ya haibridi inaendeshwa kwa umeme mkubwa wa betri kubwa, haina mkanda. Oili yake ni aina nyingine, ND 11, kwa sababu ile ya PAG ya magari ya kawaida inapitisha umeme. Fundi akitumia geji na mipira iliyotoka kwenye IST sasa hivi, mabaki kidogo ya PAG yanatosha kuharibu, gari linawasha taa ya hitilafu na unaweza kuambiwa ununue kompresa ambayo bei yake utakaa chini. Tafuta fundi mwenye vifaa vya haibridi peke yake. Na asiguse waya za rangi ya chungwa kama hajui anachofanya, zinaua.

---

Dogo Janja wa Kimara #38

Asante sana fundi, nilikuwa niende kesho.

---

Mtu wa Tabata #39

Mrejesho wakuu, siku tisa zimepita.

Nilikwenda kwa fundi mwenye mashine inayotoa gesi na kuipima. Gesi iliyotoka ilizidi kibandiko kwa gramu 160. Akabadilisha drayeri, kumbe kwenye hii gari iko ubavuni mwa kondensa kama bomba limesimama. Oringi (vile vipira vya kuziba maungio) zote zilizofunguliwa akaweka mpya. Vakyumu dakika 50, akafunga akaiacha nusu saa kuona kama geji inarudi, haikurudi. Akajaza kwa gramu. Akapima nafasi ya klachi akasema ni pana, akatoa washa moja. Filta nayo mpya. Jumla 190,000.

Siku sita baridi safi, foleni, mchana, kila mahali. Nilitaka kuja kuandika kwamba imeisha.

Jumamosi nimetoka Bagamoyo, mwendo wa saa moja na nusu, ikakata tena mara moja, kama dakika tano, ikarudi yenyewe bila mimi kuzima. Safari hii niliangalia, upepo ULIPUNGUA. Na nilipofika nyumbani kapeti la upande wa abiria limelowa maji, mke wangu viatu vimelowa.

---

Mama Wawili #40

Duh. Shemeji alikuwa sahihi.

---

Fundi Barafu #41

Sensa ya evaporeta. Inatakiwa ikate kompresa evaporeta ikikaribia nyuzi 3 au 4, ili isigande. Yako haikati kwa wakati, evaporeta inakuwa jiwe la barafu kwenye safari ndefu, upepo haupiti, barafu ikiyeyuka maji mengi kwa pamoja yanafurika ndani. Huko nyuma baridi ilikuwa dhaifu ndo maana haikuwahi kuganda.

---

Kisiki cha Mpingo #42

Maji ndani ni kimpira cha kutolea maji chini ya gari kimeziba udongo au kiling'olewa. Sindano ya hewa tu hapo. Gari likipaki na AC inatakiwa udondoshe maji chini, wewe unadondosha?

---

Mzani #43

Fundi Barafu mbona Tabata–Buguruni ilikuwa inakata kwa nusu saa tu, siku hizo gesi imezidi na evaporeta haipoi hivyo? Sensa haielezi hilo. Na joto la Bagamoyo na unyevu wa pale baharini ni mwingi kuliko Kibaha.

---

Bin Pwani #44

Mimi bado nasema ifunguliwe kondensa itazamwe ule unga. Sita siku si kitu, yangu ilikwenda wiki tatu.

---

Mtu wa Tabata #45

Kisiki nimeenda kuangalia sasa hivi, chini ya gari pakavu kabisa na AC imewashwa dakika ishirini. Kesho naanza na kimpira, halafu fundi apime sensa kwenye maji ya barafu. Nitaleta mrejesho.

---

Tete la Mwanza #46

Wakuu nimesoma uzi wote usiku huu. Mimi yangu Harrier, upande wa dereva inapiga baridi, upande wa abiria inatoa joto, imeanza baada ya redio kubadilishwa. Hiyo nayo ni gesi?